Mtaji wa kwanza wa biashara ni kauli yako

NENO 'kujuana' limechafuka katika nchi yetu. Mtu akikosa kazi au zabuni, hunung'unika kwamba siku hizi mambo ni kujuana. Ndiyo maana kijana anayeanza biashara, akishauriwa atafute watu wa kujuana nao, hudhani anaambiwa amsake mkubwa wa kumshika mkono, au ajaze simu yake nambari za watu ambao hata sura zao hazikumbuki.

Kuna kujuana kwa namna nyingine, na watu wa Pwani wanakufahamu vyema. Kunaitwa mali kauli, yaani kupewa bidhaa bila kulipa papo hapo, kwa neno lako tu. Mtazame mama karanga wa Malindi au Kilifi. Asubuhi huchukua samaki kwa mvuvi, akawakaanga na kuwauza, na jioni hupeleka pesa kama alivyoahidi. Msimu wa kusi ukiingia, bahari ikachafuka na samaki wakawa haba, unadhani yule mvuvi atamwekea nani wale wachache aliowapata? Atamwekea yule ambaye hajamzungusha hata siku moja.

Vipepeo wa Gede

Mfano mkubwa zaidi uko Gede, kusini mwa mji wa Malindi, ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke wenye ukubwa wa takriban kilomita 420 za mraba. Kwa muda mrefu wakulima wengi jirani waliuona msitu huo kama adui. Tembo na nyani walitoka humo wakala mazao yao, ilhali faida yake hawakuiona.

Mnamo 1993 ulianzishwa mradi wa Kipepeo, chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Mkulima hunasa vipepeo majike msituni na kuwaweka katika vizimba vya wavu ili watage. Mayai yakianguliwa, huwalisha viwavi majani hadi wageuke pupa, yaani kile kiwavi aliyejifunga ndani ya ganda kabla ya kuwa kipepeo. Pupa hizo huuzwa kwa mradi, nazo husafirishwa kwa ndege hadi kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo huko Ulaya na Marekani.

Sasa tafakari, msomaji. Pupa si gunia la mahindi la kuwekwa ghalani hadi bei ipande. Baada ya siku chache hupasuka, kipepeo akatoka, na biashara imekwisha. Kwa hivyo mkulima lazima aamini kwamba akifika Gede mzigo wake utapokelewa na kuhesabiwa kwa haki. Mradi nao lazima uamini kwamba alichokileta ni kizima. Mnunuzi aliye ng'ambo, ambaye hatakanyaga shambani kwa mkulima, lazima aamini sanduku ambalo bado hajalifungua.

Mnunuzi huyo hamjui mkulima mmoja mmoja; analijua sanduku. Mkulima mmoja akichanganya pupa mbovu na nzima ili aongeze hesabu, anachafua jina la kijiji kizima. Na jina likichafuka, kulisafisha ni kazi ya miaka.

Mambo ya kushika

Kwanza, toa kabla hujaomba. Kipepeo haukuanza kwa kudai pupa, bali kwa kuwafunza wakulima ufugaji na kuwatafutia soko. Nawe ukikutana na mfanyabiashara mwenzako, jiulize una nini cha kumfaa kabla ya kumweleza shida zako. Hata kumpelekea mteja ambaye wewe huna bidhaa anayoitaka ni msingi wa urafiki.

Pili, habari mbaya ipeleke mapema. Ikiwa sisimizi wamekula viwavi, au cherehani imeharibika na nguo za harusi hazitakuwa tayari Ijumaa, sema siku ya Jumanne. Mteja husamehe upungufu aliotangaziwa. Kushtukizwa hasamehi.

Tatu, usitegemee mlango mmoja. Nchini Tanzania, wakulima wa Amani katika milima ya Usambara Mashariki nao waliingia katika ufugaji wa vipepeo vya kuuza nje. Mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na vipepeo wakaingia humo. Wakulima hao hawakuwa wamevunja ahadi yoyote, lakini soko lilifungwa. Uaminifu hauzuii sheria kubadilika. Kwa hivyo jenga urafiki na wanunuzi wa namna mbalimbali, wa karibu na wa mbali.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi hudhani daftari ni la pesa tu. Chukua daftari la pili, uandike humo kila ahadi unayotoa: umemwahidi nani, kitu gani, siku gani. Mwisho wa mwezi ukague ni ngapi umetimiza. Ukiona nyingi hazijatimizwa, usiende kutafuta watu wapya wa kujuana nao. Anza na hao uliowaahidi.