MUULIZE MGONJWA MWENYEWE

Tuchukue mfano wa mama mmoja mzee. Alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia wa mwili wake ukapooza. Ulimi nao ukawa mzito. Akawa mtu wa kitandani.

Watu wa nyumbani walimpenda. Walimpa uji, walimpa maji. Lakini mama alikunywa funda moja tu, kisha akageuza uso. Siku ya tatu midomo ilikuwa imekauka. Mkojo ulikuwa kidogo, tena mweusi kama chai ya rangi. Akaanza kuchanganya maneno. Majirani wakasema, "Mzee huyu amekataa kula. Amekwisha choka." Walisema hayo mbele yake, kana kwamba hayupo.

Mkwe wake hakukubali. Aliwaomba wageni watoke nje. Akakaa chini, karibu na kitanda.

"Shikamoo mama."

Akangoja. Baada ya kitambo mama akajibu, "Marahaba."

"Mama, maji huyataki, au kuna jambo linakuzuia?"

Akangoja tena. Hakumkatiza. Mwisho mama akasema polepole, "Nikinywa nitakojoa. Nani atanibeba? Mwanangu wa kiume?"

Kumbe kiu alikuwa nayo. Kilichomzuia ni aibu.

Siku ile ile walimwita mganga wa zahanati. Mgonjwa anayeanza kuchanganya maneno lazima aonwe upesi. Kisha walichukua kiti cha mbao, wakakata tundu katikati, wakaweka ndoo chini yake. Wakatundika kanga iwe pazia. Wanawake wawili wakapeana zamu ya kumsaidia. Mama akaanza kunywa.

Tunajifunza nini? Mgonjwa ana mahitaji yale yale ya mtu mzima: maji, chakula, choo, usafi, usingizi, sitara na heshima. Tofauti ni kwamba hawezi kujipatia mwenyewe. Tena mara nyingi anaona haya kuomba. Kwa hiyo:

1. Msalimie kama ulivyomsalimia alipokuwa mzima. Ugonjwa haumfanyi mzee kuwa mtoto.

2. Sema naye, usiseme juu yake. Asiyeweza kujibu huenda anasikia kila neno.

3. Uliza jambo moja moja, kisha ngoja. Kama hawezi kusema, mwombe akubane mkono, au atikise kichwa.

4. Mwambie unalotaka kufanya kabla ya kumshika. "Mama, sasa nakugeuza." Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Asipogeuzwa atapata vidonda mgongoni, kiunoni na visiginoni.

5. Mkalishe wima anapokula na kunywa. Mpe kidogo kidogo. Mgonjwa wa kiharusi anaweza kupaliwa, na chakula au maji yakaingia mapafuni. Akikohoa kila anapomeza, acha kumpa, mpeleke zahanati.

6. Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kumhudumia. Msitiri kwa nguo wakati wa kumwogesha.

7. Tunza siri yake. Habari za kitandani zisifike kisimani.

Na wewe unayemwuguza, usibebe mzigo peke yako. Aliyechoka husema kwa ukali hata bila kupenda. Gawaneni zamu, wanaume kwa wanawake. Kuchota maji, kufua na kumgeuza mgonjwa ni kazi ya kila mtu mwenye nguvu.

Dawa hutoka zahanati. Lakini neno jema na kikombe cha maji viko nyumbani kwako. Leo, kabla hujampa mgonjwa wako kitu chochote, muulize kwanza.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini mama huyu hakunywa maji?
2. Majirani walikosa nini?
3. Katika kijiji chetu, nani anauguza peke yake? Tutamsaidiaje wiki hii?