MAFAILI YASIYOFUTWA KATIKA KOMPYUTA



Mwenzetu mmoja alitaka kusaidia. Diski ya kompyuta yetu kuukuu, yenye Windows XP, ilikuwa imejaa. Akafungua C, akaruhusu mafaili yaliyofichwa yaonekane, akakuta majina asiyoyajua na kuyafuta. Kompyuta iliendelea kufanya kazi hadi ilipozimwa jioni. Kesho yake ilipowashwa, iliandika tu: "NTLDR is missing", yaani NTLDR haipo. Na humo ndimo yalimokuwa matokeo ya mtihani ya darasa zima, bila nakala popote.

NTLDR ni nini?

Wakazi wa Newala wanajua kuwa maji hayapandi uwandani yenyewe. Husukumwa na pampu kutoka bondeni. Afunguaye bomba haioni pampu, lakini ikiondolewa, bomba hukauka. Mafaili ya mfumo ni kama pampu hiyo.

Ukiwasha kompyuta ya Windows XP, kazi hupokezanwa hivi:

1. NTLDR huamshwa kwanza, nayo ndiyo huita mengine.
2. boot.ini huieleza Windows iko sehemu gani ya diski.
3. NTDETECT.COM hukagua vifaa vilivyomo.
4. ntoskrnl.exe, iliyo ndani ya folda ya system32, hupakiwa na kushika uendeshaji wote.

Katika Windows 98 kazi hiyo ya mwanzo ilifanywa na IO.SYS, MSDOS.SYS na COMMAND.COM.

Mafaili haya ni madogo sana. NTLDR ni takriban robo megabaiti tu. Kwa hiyo aliyeyafuta hakupata nafasi yoyote ya maana.

Je, kazi zetu zilipotea?

Hapana. Fundi wa kwanza alitaka kufuta diski yote na kupiga Windows upya. Hapo ndipo matokeo yangepotea kweli! Wa pili aliweka sidii ya Windows XP, akabonyeza R, akanakili NTLDR na NTDETECT.COM kutoka folda ya i386, kisha akaandika upya boot.ini. Kompyuta ikawaka, matokeo yakiwa salama.

Tuzingatie haya

a) Faili usilolijua usilifute, uliza kwanza. Mwaka 2002 barua pepe zilienea duniani zikidai kuwa jdbgmgr.exe, yenye picha ya dubu, ni kirusi. Wengi waliifuta, kumbe ni faili halali la Windows.

b) Ukitaka nafasi, ondoa video na programu zisizotumika.

c) Zima kompyuta kwa utaratibu. Umeme ukikatika ghafla, mafaili ya mfumo huweza kuharibika.

d) Weka nakala ya kazi zako nje ya kompyuta. Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, hivyo ukiikuta Masasi au Newala, usiiunganishe na intaneti.

Kazi za wenzako zilizomo humo ni amana. Usiziweke hatarini kwa kubahatisha.