Moto wa Oklo na vinu vya watu

Wajukuu zangu wa Kakesio, mmezaliwa jirani na nyayo za Laetoli, na mgeni akiuliza umri wa nyayo hizo mnajibu bila kusita: miaka milioni 3.6. Nani aliihesabu? Majivu ya volkano yenyewe. Ndani yake mna potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka kuwa gesi ya argoni, polepole, kwa kasi isiyobadilika. Wataalamu walipima argoni, wakapata umri.

Hivyo ni viini vya atomu vinavyobadilika vyenyewe, kwa muda wao. Leo nawasimulia vile vinavyochokozwa.

Kiini cha urani 235, ambayo ni aina moja tu ya urani, kikigongwa na chembe iitwayo nyutroni hupasuka vipande viwili, kikatoa joto na kurusha nyutroni nyingine mbili au tatu. Nazo zikigonga viini vingine, moto unaendelea. Nauita moto, ingawa hauna mwali wala moshi. Tatizo ni kwamba nyutroni ikitoka tu ina kasi ya ajabu. Nyinyi mnaswaga ndama: akija mbio hulipita lango la boma, akija taratibu ndipo huingia. Nyutroni nayo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo karibu kila kinu cha nyuklia kinataka kitu cha kupunguza kasi ya nyutroni, na kitu cha kubeba joto. Nitajieni viwili hivyo, nami nitawaambia ni kinu cha aina gani.

Kinu cha zamani kuliko vyote hakikujengwa na mtu. Huko Oklo, nchini Gabon, karibu miaka bilioni 2 iliyopita, maji ya ardhini yalipenya kwenye mwamba wenye urani nyingi. Yakapunguza kasi ya nyutroni, mwamba ukapata moto, maji yakachemka yakatoka. Yalipotoka, nyutroni zikakimbia ovyo na moto ukafa. Mwamba ukapoa, maji yakarudi, moto ukaanza upya. Uliwaka kama nusu saa, ukapumzika saa mbili na nusu, hivyo hivyo kwa mamia ya maelfu ya miaka! Wafaransa waligundua mwaka 1972, walipoona urani ya Oklo imepungukiwa na ile 235, kana kwamba kuna aliyekwisha kuitumia.

Watu nao wakajenga vyao. Koeberg, karibu na Cape Town, maji hufanya kazi zote mbili. Yamebanwa kwa nguvu kiasi kwamba hata yakizidi nyuzi 300 hayachemki. Hupita mabombani na kuchemsha maji mengine, na mvuke wa hayo ndio unaozungusha mitambo ya umeme. Barakah, huko Abu Dhabi, kuna vinu vinne vya namna hiyo, vinavyotoa karibu robo ya umeme wa Falme za Kiarabu. Vile vya Fukushima vilichemsha maji humo humo ndani ya kinu. Urusi ina vinu vya Beloyarsk visivyopunguza kasi hata kidogo, na joto hubebwa na sodiamu iliyoyeyuka. Hivyo tuviache, ni hadithi ndefu.

Chernobyl tusiipite. Pale kasi ilipunguzwa na grafiti, ile nyeusi iliyomo kwenye penseli, na maji yalibeba joto tu, huku yakimeza nyutroni kidogo. Maji yalipogeuka mvuke, grafiti ilibaki inafanya kazi yake, na wa kumeza nyutroni hakuwepo. Oklo maji yakiondoka moto hufa. Chernobyl, tarehe 26 Aprili 1986, moto ulipanda. Mimi kinu chochote naanza kukiuliza swali hilo hilo: maji yakiondoka, itakuwaje?

Ninachokipenda zaidi kilikuwa Kinshasa. Kinu cha kwanza barani Afrika, TRICO, kiliwashwa mwaka 1959 katika Chuo Kikuu cha Lovanium. Kilikuwa cha kilowati 50, cha kufundishia na kufanyia utafiti, umeme hakikutoa. Ujanja wake ulikuwa kwamba kipunguza kasi, yaani hidrojeni iliyoshikwa na zirkoniamu, kilichanganywa na urani yenyewe. Urani ikipata moto, hidrojeni nayo inapata moto papo hapo, inashindwa kupunguza kasi, na kinu kinajituliza kabla mtu hajagusa chochote. Mrithi wake, TRICO II wa mwaka 1972, alisimama mwaka 2004.

Najua mtaniuliza: je, Oklo inaweza kuwaka tena? Haiwezi. Zamani zile, katika kila sehemu 100 za urani, karibu 3 zilikuwa za 235. Nayo hupungua yenyewe kama ile potasiamu ya Laetoli, hata leo haifiki sehemu moja. Viwanda vinavyorutubisha urani kwa ajili ya Koeberg vinairudisha kwenye kiwango cha enzi za Oklo, au zaidi kidogo. Wakanada walipita njia nyingine: wanatumia maji mazito, ambayo humeza nyutroni chache sana, kwa hiyo urani iliyopo kwetu Namtumbo ingewaka humo bila kurutubishwa.