Uteuzi wa Upanuzi katika Mpira wa Kikapu: Utaratibu na Istilahi

1.0 Utangulizi

Istilahi za michezo zilizozoeleka katika Kiswahili hudokeza mapatano: usajili huhitaji saini ya mchezaji, na uhamisho huhitaji maafikiano ya klabu mbili. Katika ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani (NBA) upo utaratibu usiohitaji ridhaa ya mchezaji wala mapatano ya timu yake na ile inayomchukua. Makala haya yanaufafanua utaratibu huo, unaoitwa hapa uteuzi wa upanuzi, na kuchunguza istilahi zinazoufaa.

2.0 Utaratibu

Timu mpya huingia katika ligi ikiwa haina wachezaji. Ili ipate kikosi, kila timu ya zamani huwasilisha orodha ya wachezaji ambao hawaruhusiwi kuchukuliwa. Wasiokuwamo huwa wazi kuteuliwa, na anayeteuliwa huhama pamoja na mkataba wake. Mwaka 1995, Toronto Raptors na Vancouver Grizzlies zilipojiunga, kila moja ya timu 27 iliruhusiwa kuwazuia wachezaji 8, na haikuweza kupoteza zaidi ya mmoja. Toronto iliteua wachezaji 14 na Vancouver 13. Mwaka 2004, timu ya Charlotte, iliyoitwa Bobcats wakati huo, iliteua 19.

3.0 Tatizo la "kulindwa"

Kwa Kiingereza, wachezaji wanaozuiwa huelezwa kwa neno lenye maana ya "waliolindwa". Tafsiri hiyo inapotosha, kwani katika Kiswahili anayelindwa ndiye anayenufaika, ilhali hapa kinacholindwa ni haki ya timu juu ya mchezaji. Mifano miwili yatosha. B.J. Armstrong, aliyetwaa ubingwa mara tatu na Chicago Bulls, aliteuliwa wa kwanza na Toronto mwaka 1995. Akakataa kujiunga nayo, na hatimaye akapelekwa Golden State Warriors. Kwa upande mwingine, Gerald Wallace, ambaye Sacramento Kings haikumzuia mwaka 2004, alistawi Charlotte hata akateuliwa kucheza mchezo wa nyota wa ligi mwaka 2010. Asiyelindwa ndiye aliyefaidika.

4.0 Istilahi

Neno mchujo halifai, kwa kuwa hudokeza kuondolewa mashindanoni. Wala kura halifai, kwa kuwa hudokeza bahati. Uteuzi linafaa zaidi, maana huonyesha kwamba yupo anayechagua. Ama kuhusu wachezaji wenyewe, inafaa kutofautisha waliobakizwa na walioachwa wazi. Kitenzi bakiza, kutokana na kiambishi chake cha utendeshi, humdhihirisha mtenda: mchezaji habaki kwa hiari yake, bali timu ndiyo inayombakiza.

5.0 Hitimisho

Kutafsiri istilahi neno kwa neno huweza kuhamisha pia mtazamo wa aliyeiunda. Katika uteuzi wa upanuzi, mtazamo huo ni wa mwenye timu. Mwanaistilahi wa Kiswahili hana budi kuuliza kwanza ni nani anayetenda na ni nani anayetendwa, ndipo achague neno.