Tumaini na Taraja: Asili ya Maneno na Ushahidi wa Tungo za Lamu

Maneno "tumaini" na "taraja" aghalabu huchukuliwa kuwa visawe. Hata hivyo, asili yake yaonyesha tofauti inayomfaa kila mhakiki wa ushairi wa Kiswahili.

Yote mawili yametoka katika Kiarabu. "Taraja" lina mzizi mmoja na "rajaa", neno ambalo kwa Waarabu ndilo hasa lenye maana ya kutumai. "Tumaini" nalo linatokana na "tuma'nina", yaani utulivu wa moyo. Kiswahili kimeyahamisha maana: taraja limeelekea kwenye kukadiria lijalo, kama mtu anavyotarajia mvua aonapo mawingu, tumaini likashika nafasi ya rajaa bila kuacha kabisa ule utulivu wake wa asili. Ndiyo maana mtu huweza kutumaini asipokuwa na la kutarajia.

Huko Ulaya dhana hii ilipata jina kutokana na neno la Kilatini "optimum", lenye maana ya kilicho bora kabisa. Leibniz, katika Théodicée (1710), alidai kuwa ulimwengu huu ndio bora kuliko wowote ambao ungaliwezekana. Baada ya tetemeko la Lisbon la 1755, Voltaire aliikejeli hoja hiyo katika Candide (1759). Hiyo ni hukumu juu ya ulimwengu. Tumaini ni hali ya moyo.

Tungo mbili za visiwa vya Lamu zathibitisha hayo. Katika Al-Inkishafi, utungo wa mwanzoni mwa karne ya 19, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anauonya moyo wake kwa kuuonyesha magofu ya Pate. Wako wauonao utungo huu kuwa wa kukata tamaa. Lakini anayeonya huamini kwamba anayeonywa aweza kugeuka. Mshairi ameuvunja utarajiaji wa dunia, si tumaini.

Mwana Kupona binti Msham naye alimtungia bintiye, Mwana Hashima, utendi wa mawaidha mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Maradhi hayakumpa mengi ya kutarajia, ila bado alimwomba Mungu shifaa na kumwandalia mwanawe maisha ambayo yeye huenda asingeyaona.

Basi, mhakiki anayepima tumaini la tungo hizi kwa wingi wa furaha iliyomo atakosea kipimo. Lafaa kutafutwa pale moyo unapotulia ilhali dunia imetikisika.