Kamba, Boriti na Pembe Mraba

Boriti imesimama wima, imebana ukutani. Ncha yake ya juu inateleza na kushuka. Je, mguu wake umesogea kiasi gani kutoka ukutani? Mwanafunzi wa kidato cha pili akikutana na swali hili huenda akadhani limetungwa juzi na mwalimu anayemwonea. Kumbe limo kwenye kibao cha udongo cha Babeli, kilichoandikwa zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, ambacho leo kimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Kwa vipimo vyetu boriti ile ilikuwa na urefu wa karibu mita 3, na ncha yake ilishuka sentimita 60. Jibu la mwandishi wa kibao ni sahihi: mguu umesogea mita 1.8.

Hesabu yake haina fumbo. Zidisha 3 kwa 3, upate 9. Kimo kilichobaki ni mita 2.4, nacho ukikizidisha kwa chenyewe unapata 5.76. Toa, inabaki 3.24, na kipeuo chake cha pili ni 1.8. Hiyo ndiyo kanuni tunayoiita ya Pythagoras, ingawa mwenyewe alizaliwa katika kisiwa cha Samos karibu mwaka 570 KK, miaka elfu moja na ushei baada ya udongo ule kukauka. Hatuna hata ukurasa mmoja alioandika kwa mkono wake. Uthibitisho wa zamani ulio maarufu kuliko wote umo katika kitabu cha Euclid, aliyefundisha Alexandria, Misri, karibu mwaka 300 KK.

Kwa hiyo walimu wamekuwa wakiegemeza boriti ukutani kwa karibu miaka elfu nne, na mimi sioni ubaya wowote katika swali lenyewe. Ubaya ninaouona ni kwamba darasani kwetu jibu linaishia kwenye daftari. Mwanafunzi anapata 1.8, anapigiwa vema, anafunua ukurasa. Hakuna aliyechukua mti wa mita 3 na kwenda nao ukutani.

Fundi hana anasa hiyo. Mtazame anapoanza msingi wa nyumba. Amepigilia vigingi, amevuta kamba mbili zikutane kwenye kona. Anapima sentimita 60 kwenye kamba ya kwanza, 80 kwenye ya pili, anatia alama, halafu ananyoosha utepe kutoka alama moja hadi nyingine. Utepe ukisoma 100, kona imekaa mraba. Ukisoma 99 pembe imebana, ukisoma 101 imefunguka, na kigingi lazima kisogezwe.

Sentimita moja inaonekana ndogo mpaka uifuate hadi mwisho wa ukuta. Kosa la 99 badala ya 100 kwenye kona, ukuta ukiwa na urefu wa mita 12, litaipotosha ncha ya pili kwa karibu sentimita 25. Atakayeumbuka ni fundi wa tailizi, atakayejikuta anakata vipande vyembamba kama ukanda upande mmoja wa sebule. Ndiyo maana fundi makini hatumii sentimita 60 na 80 penye nafasi. Anatumia mita 3, mita 4 na mita 5. Akikosea sentimita ileile moja kwenye ule upande wa mita 5, ncha ya ukuta itapotoka sentimita 5 tu. Hilo ni somo zima la makosa ya vipimo, na linafundishika kwa kamba na vigingi vitatu.

Lakini kwa nini 3 na 4 zizae 5, zisizae 7? Hapa ndipo vitabu vingi vinapokimbia, vinamwachia mwanafunzi herufi tatu na alama ya kujumlisha. Jibu linahitaji boksi kuukuu na mkasi. Kata pembetatu nne zinazolingana kabisa, zenye pembe mraba, kila moja ikiwa na pande fupi za sentimita 3 na 4. Chora kwenye karatasi mraba wa sentimita 7 kwa 7. Ziweke pembetatu kwenye kona nne za mraba huo, mishazari yote, yaani pande ndefu, ikitazama ndani. Katikati unabaki mraba uliokaa upande, ambao kila ubavu wake ni mshazari wa pembetatu. Mraba mkubwa una eneo la 49. Kila pembetatu ina eneo la 6, zote nne zinakula 24, inabaki 25. Mraba wenye eneo la 25 una upande wa 5.

Sasa zisogeze pembetatu zilezile ziungane mbilimbili, zifanye mistatili miwili, na uipange mistatili hiyo kwenye kona mbili zinazotazamana. Nafasi iliyobaki imegawanyika: mraba mmoja wa 3 kwa 3, mwingine wa 4 kwa 4. Hakuna karatasi iliyoongezwa wala iliyopunguzwa, basi 9 na 16 haziwezi kukataa kuwa 25. Na ukiyabadilisha marefu, ukachukua pande fupi zozote upendazo, hoja ni ileile.

Baada ya hapo darasa litoke nje. Shule nyingi zina kiwanja cha mpira wa pete, ambacho kwa kanuni za mchezo kina urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25. Wanafunzi wakipiga hesabu ya ulalo, yaani kutoka kona hadi kona ya mkabala, watapata mita 34.1. Kisha waupime. Watakachogundua kinashangaza wengi: pande zote nne zinaweza kuwa na urefu sahihi na kiwanja bado kikawa kimelala upande. Pande peke yake hazimfichui mchoraji wa mistari. Zinazomfichua ni lalo mbili, maana kiwanja kilicholala huwa na ulalo mmoja mrefu na mwingine mfupi.

Swali ninalolipenda kuliko yote, hata hivyo, liko uani. Nguzo mbili zimesimama mita 10 moja kutoka nyingine, na kati yake kuna kamba ya kuanikia nguo yenye urefu wa mita 10 na sentimita 10. Blanketi lililolowa linatundikwa katikati. Kamba itashuka kiasi gani? Watu wengi hukisia sentimita 5 au 10, kwa kuwa hiyo ndiyo ziada yenyewe. Piga hesabu: nusu ya kamba ni mita 5.05, nusu ya umbali ni mita 5, na tofauti ya miraba yao ni 0.5025. Kipeuo cha pili ni karibu 0.71. Kamba inashuka sentimita 71, na blanketi linaburura mchanga.

Mtembea kwa miguu anaweza kuigeuza hesabu hiyo imfae. Kwenye njia iliyonyooka ya mita 100, ukikunja taratibu ili katikati ya safari uwe mita 5 pembeni kukwepa dimbwi, umejiongezea nusu mita tu.

Baharini pembetatu inakuwa kubwa mno. Kona moja iko kwenye kitovu cha dunia, ya pili kwenye jicho la baharia, ya tatu pale bahari inapokutana na mbingu. Hapo ndipo pembe mraba ilipo, mstari wa jicho unapoyagusa maji na kukutana na nusu kipenyo cha dunia, kilomita 6,371. Jicho lililo mita 2 juu ya maji huona bahari hadi kilomita 5 hivi. Baharia akipanda mlingotini jicho lake likafika mita 8, anaona kilomita 10. Kimo mara nne, umbali mara mbili tu. Mlingoti hauwezi kurefushwa bila mwisho.

Wala somo halijafungwa. Mwaka 2022 wasichana wawili wa sekondari mjini New Orleans, Marekani, Ne'Kiya Jackson na Calcea Johnson, walikutana na swali la ziada katika shindano la hesabu shuleni kwao: thibitisheni kanuni hii kwa njia mpya. Walitumia trigonometria, njia ambayo kwa muda mrefu wengi waliamini haiwezi kuithibitisha kanuni hii bila kuitegemea kanuni yenyewe. Hawakuwa wa kwanza kabisa kulipita hilo, lakini uthibitisho wao ulikuwa mpya, na mwaka 2024 ulichapishwa katika jarida la American Mathematical Monthly.

Mwalimu wa kidato cha pili, kabla hujaandika kanuni ubaoni, waulize wanafunzi wako swali la kamba ya nguo. Kila mmoja aandike kisio lake na jina lake. Ndipo uifunge kamba, utundike kitu kizito katikati, na uwape utepe wapime.