Kuumia Uti wa Mgongo: Kwa Nini Wagonjwa Hawafanani

Sisi wa Unguja na Pemba tunaijua ajali ya kuanguka kwenye mkarafuu au mnazi. Ndugu zetu walioko Msasani ya Tukuyu, wilayani Rungwe (si ile ya Dar es Salaam), wana miparachichi, na bodaboda za barabara ya milimani. Kosa la kwanza ni lile lile kote: kumnyanyua majeruhi makwapani na kumkalisha.

Ndani ya pingili za mgongo hupita ugwe wa neva, unaopeleka amri za ubongo kwenye viungo na kurudisha hisia. Ukiumia shingoni, mikono na miguu hudhoofika, na jeraha likiwa juu sana hata kupumua hushindikana. Ukiumia kifuani, mikono husalimika na miguu hupooza. Popote ulipoumia, mkojo na choo huweza kukosa udhibiti.

Lipo jeraha kamili, ambapo chini yake hakuna nguvu wala hisia, na lipo lisilo kamili. Mzee aliyeanguka kifudifudi huweza kutembea huku mikono imemlegea. Aliyechomwa kisu mgongoni huweza kulegea upande mmoja, na upande wa pili usihisi maumivu wala joto. Siku za mwanzo ugwe huwa kama umezimia, kwa hiyo tusikimbilie kusema fulani hatatembea tena.

Majeruhi alazwe chali juu ya ubao, kichwa, shingo na kiwiliwili vikiwa mstari mmoja, watu kadhaa wakimwinua kwa pamoja. Wa Msasani hupelekwa Makandana, kisha Mbeya ikibidi. Wa Unguja, Mnazi Mmoja.

Nyumbani, adui ni vidonda vya kulalia, kwani asiyehisi hajui ngozi inapochubuka. Ageuzwe kila baada ya saa 2. Aliyeumia shingoni au kifuani juu akishikwa ghafla na kichwa kikali na jasho, akalishwe, mpira wa mkojo uangaliwe kama umeziba, na awahishwe hospitali.

Ama swala, haimwondokei maadamu akili ipo. Ataswali kwa kukaa, akishindwa kwa ubavu, na ataashiria kwa kichwa. Anayetokwa na mkojo bila hiari atajisafisha, atavaa kinga, atatawadha wakati ukishaingia, kisha ataswali bila kuchelewa. Mikono isipomwezesha, mkewe au mwanawe amtawadhishe. Nia ataiweka mgonjwa mwenyewe.